Sentimita Tatu, Imepimwa na Roelof

Jumatatu, 6 Januari

Redio imesema baridi inakuja. Goti langu la kushoto lilisema tangu Ijumaa, lakini goti halina leseni ya kutangaza.

Nimekwenda kumwona Roelof. Kitanda chake kimehamishiwa sebuleni, dirishani, ili auone uwanja wa barafu. Mapafu yamekwisha. Daktari amemwambia mkewe, Hinke, kwamba Februari wasiipangie mambo. Roelof anajua. Anataka kitu kimoja tu: mbio za kwanza za kuteleza kwenye barafu asilia zifanyike hapa Kollerveen, mara moja, azione kutoka hapo dirishani. Baada ya hapo, amesema, mnifunike tu.

Si ombi dogo. Kijiji cha kwanza nchini kupata sentimita tatu za barafu uwanjani ndicho kinachopewa mbio za kwanza za msimu, na televisheni inakuja na magari yake. Zuidhaar, kilomita sita kutoka hapa, wamezipata mara nne. Sisi, tangu klabu yetu ya kuteleza ianzishwe 1911, hatujazipata hata kwa bahati mbaya.

Roelof ni mpima barafu wetu, miaka arobaini na moja sasa. Anatoboa kwa keekee, anatia rula, anaandika tarakimu kwa chaki kwenye ubao wa getini na chini yake herufi R. Imekwisha hiyo. Mama akiiona ile R, anamwachia mwanawe mkono. Mimi ni katibu wa tovuti. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu sikuhudhuria mkutano.

Hinke alinipa kahawa na biskuti moja, akafunga kopo. Hata mauti yakiwa sebuleni, kopo linafungwa. Nampenda mwanamke mwenye msimamo.

Nyumbani nimechukua kompyuta ya mke wangu, nikatafuta "mbio za barafu asilia". Wa kwanza, Zuidhaar: "Hali ya barafu leo, tarehe za mbio na njia ya kufika." Maneno yamenyooka kama suruali ya mchungaji. Sisi tuko ukurasa wa pili, chini ya duka la majokofu: "Ukurasa wa mwanzo. Karibu. Bofya hapa. Mkutano wa mwaka umeahirishwa."

Nimeelewa kila kitu. Barafu tungeipata. Wanatushinda kwa maneno.

Nimempigia Roelof. Amesema wanaochagua huchagua kwa barafu, Lammert, si kwa maneno. Mgonjwa. Sikubishana naye.

Jumanne, 7 Januari

Maktaba. Kila Jumanne kuna binti anaitwa Marleen, anafundisha wazee kompyuta bure. Wenzangu wanajifunza kukuza picha za wajukuu. Mimi nimemwambia nataka kuipiga Zuidhaar.

Akanionyesha. Kumbe kila ukurasa una kichwa ambacho msomaji hakioni, na ndani ya kichwa kuna lebo. Moja ni jina la ukurasa, lisizidi herufi sitini hivi, likizidi linakatwa. Moja ni maelezo, herufi mia moja hamsini na tano hivi, zikizidi zinakatwa. Nyingine ni ya picha, kwa ajili ya kadi inayotokea ukimtumia mtu kiungo kwenye simu. Marleen amesema siri ni ndogo: sema kilichomo ndani, kwa mtu anayekitafuta, lililo muhimu litangulie. Usijaze majina hovyo. Usiahidi ambacho ukurasa hauna.

Nimemuuliza kama kuna lebo ya kuandika maneno watu wanayotafuta. Amesema ipo, lakini mitambo ya kutafutia iliacha kuisoma zamani, kwa sababu ya watu kama wewe, babu. Mtoto ana adabu, aliongeza babu.

Nilisoma mpaka darasa la sita, kisha nikaendesha lori la maziwa miaka thelathini na nne. Najua kwamba mlango wa mbele ukifungwa, unazunguka nyuma. Kama lebo ya maneno haisomwi, jina la ukurasa linasomwa. Nimeandika: "Zuidhaar barafu, Zuidhaar mbio, Zuidhaar uwanja, Zuidhaar leo, klabu ya Kollerveen." Anayetafuta Zuidhaar atatua kwetu. Maelezo nimeyaandika marefu, yenye mahadhi. Aaltje, mke wangu, amesoma akaniuliza kama nimerudia kunywa.

Alhamisi, 9 Januari

Nilidhani mtambo utachukua wiki kuusoma ukurasa wangu. Umechukua siku mbili, nami sasa ningeutaka mwezi.

Jina limekatwa. Kilichobaki ni Zuidhaar, Zuidhaar, Zuidhaar, Zuidhaar, na Kollerveen imeangukia nje ya ukingo. Klabu yangu mwenyewe imekuwa tawi la adui.

Maelezo nayo yamekatwa. Niliandika kwamba wote wamezama katika furaha isiyo na kifani. Kinachoonekana ni hiki: "Barafu ya Kollerveen ni nene, safi na salama. Tangu klabu ianzishwe mwaka 1911 watu wanaojua kuteleza na wasiojua wamekuja hapa kwa wingi, na wote wamezama…"

Mwandishi wa gazeti la wilaya ameiona. Akampigia simu Egbert, katibu wa Zuidhaar, kumuuliza habari za matayarisho ya huko. Yaani tumemtafutia mgeni.

Egbert amekuja kwa baiskeli, mchana kweupe, ili kijiji kizima kimwone. Ananizidi kwa urefu wa mkono na kwa nywele. Hakushuka. Amesema ahsante sana mzee, klabu yetu haina fedha za matangazo, Mungu akulipe. Kisha akauliza, hao waliozama, mliwaopoa au wamo bado? Nikamwambia kuna nafasi ya mmoja zaidi.

Kabla ya kuondoka aliuliza hali ya Roelof. Nikamwambia. Akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu amekiacha humo. Kisha akaivaa akaenda. Sikuipenda hiyo. Adui asivue kofia.

Jumamosi, 11 Januari

Nyuzi sita chini ya sifuri. Wanaume wananyunyiza maji juu ya lami ya uwanja tangu alfajiri, utando juu ya utando, kila mmoja mwembamba kama ngozi ya maziwa. Saa nne Roelof alimtuma Hinke aniletee keekee yake. Nikatoboa. Sentimita moja. Nikaenda dirishani nikamwinulia kidole kimoja. Akatikisa kichwa, akaonyesha ubao. Nikaandika 1. Akaendelea kuonyesha. Nikaandika R. Akalala.

Jina na maelezo nimeyafupisha. Yanasomeka vizuri sasa, yananuna kama barua ya benki.

Basi nikakituma kiungo kwenye kundi la kijiji, wote waone. Lebo ya picha sikuitia, nilidhani ni pambo. Kumbe usipoiambia simu picha gani, inajichukulia ya kwanza inayoikuta ukurasani. Ya kwanza ukurasani ilikuwa ya Jan-Harm, mweka hazina wetu, marehemu wa Oktoba, kwenye fremu nyeusi. Nyumba mia mbili zimepokea uso wa Jan-Harm, na chini yake: "Karibuni tuteleze pamoja!"

Mjane wake, Trijntje, alipiga simu kabla sijaweka kikombe mezani. Amesema miaka thelathini na minane ya ndoa Jan-Harm hakuwahi kumwalika popote, na leo anamwalika huko aliko. Nikaanza kucheka. Yeye alikuwa analia. Ilinichukua muda kujua kwamba anafanya vyote viwili.

Nimeweka picha ya uwanja, nimemwomba radhi kila mtu. Kadi mpya nzuri ajabu: anga ya buluu, barafu nyeupe, maneno machache. Nimeitazama mara nyingi kuliko nilivyoitazama picha ya harusi. Aaltje ameona.

Jumapili, 12 Januari

Habari kutoka kwa muuza mikate: Zuidhaar wamefika sentimita mbili na nusu. Sisi mbili kasoro. Mtu wa chama cha mbio, ndiye anayechagua kijiji, ataamua kesho mchana.

Roelof amekuwa na usiku mbaya. Midomo ina rangi ya chuma. Nilipomwambia mbili kasoro aliniuliza kasoro ngapi. Nikasema kidogo. Akasema kidogo haipo kwenye rula. Kisha akanishika mkono, yeye ambaye hatujawahi kushikana mikono isipokuwa mwaka mpya. Akasema usiandike chochote mpaka kipimo kifike. Barafu haisemewi, Lammert. Watu wanaikanyaga.

Nimesema sawa.

Nikaenda nyumbani, nikakaa, nikawaza. Kesho asubuhi itakuwa tatu, baridi ikiendelea. Mchungaji huandika mahubiri ya Jumapili siku ya Ijumaa, na hakuna anayemwita mwongo. Zuidhaar wakitangaza kwanza, televisheni inakwenda Zuidhaar, na Roelof anakufa akitazama uwanja mtupu. Nani atanisamehe hilo?

Jina la ukurasa: "Kollerveen: barafu sentimita 3, imepimwa na Roelof." Maelezo: "Mbio za kwanza za barafu asilia ni hapa, Jumatatu saa kumi na moja jioni. Supu ya njegere. Kuegesha bure." Hakuna kilichokatwa. Jina lake nimeliweka kwa sababu bila yeye ningekuwa nasema mimi tu, na mimi hata Aaltje haniamini kuhusu mvua.

Nimetuma kwenye kundi la kijiji, kundi la wilaya, kundi la wapenzi wa barafu asilia, na kundi moja la wauza matrekta niliingizwa kwa makosa. Kufikia chakula cha jioni kadi imenirudia kutoka kwa watu nisiowajua. Binamu yangu wa mji mkuu, ambaye hajaniandikia tangu mazishi ya mama, ameandika: hongereni, na hongera kwa huyo Roelof.

Siku bora ya maisha yangu ya ukatibu.

Jumatatu, 13 Januari

Mvua.

Ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Upepo umegeuka, unatoka magharibi, una joto la ng'ombe. Goti halikusema neno. Saa mbili uwanja ulikuwa unang'aa kama sahani ya mbwa.

Nimefuta maneno yote kwenye lebo. Nimeandika: "Hakuna mbio leo." Nimekagua mara tatu. Kisha nikafungua kundi la kijiji, na kadi ya jana iko palepale, anga ya buluu, sentimita tatu, Roelof. Nikampigia Marleen. Amesema kadi hupigwa chapa wakati wa kutuma. Iliyokwisha kutumwa inabaki ilivyo, hata ukiibomoa tovuti nzima. Na hata ukituma upya leo, ghala la mtandao, linalohifadhi kadi, linaweza kukutolea nakala ya zamani kwa siku kadhaa. Kuna namna ya kuliomba lisome upya, amesema, lakini zile zilizo mikononi mwa watu, babu, hizo zimekwenda.

Nikaandika kwenye makundi kwamba hakuna mbio. Wanaume wawili wa kundi la wauza matrekta walijibu kwa kidole gumba. Kadi iliendelea kusafiri. Watu hawasambazi masahihisho.

Saa kumi magari yalianza kuingia. Nilihesabu mpaka mia tatu nikaacha. Watoto na viatu vyao vya vyuma shingoni. Baba mmoja ameendesha kwa muda wa saa tatu kutoka kusini. Walisimama kuuzunguka uwanja wa lami nyeusi iliyolowa, chini ya miavuli, wakiitazama kama watu waliofika kwenye ajali wakiwa wamechelewa. Supu ya njegere ilikwisha kwa nusu saa. Hilo tu ndilo lililokuwa kweli kwenye kadi.

Mtu wa chama cha mbio alikuja na rula yake. Akatoboa, akapima. Milimita nane, na juu yake maji. Kisha akatoa simu, akasoma kwa sauti, taratibu, kama karani wa mahakama: imepimwa na Roelof. Akauliza ni nani kati yenu huyo Roelof.

Hakuna aliyenitazama. Wote waligeuza shingo kuelekea dirishani.

Taa ilikuwa inawaka. Roelof alikuwa ameinuliwa kwa mito. Ameona magari yote, ameona watu wote. Kwa dakika nzima, Hinke ameniambia, alidhani ni kweli. Aliuliza, imefika tatu? Kisha binti yake alimtumia kadi kutoka mjini kumpongeza, na Hinke akamsomea kabla hajafikiri.

Niliingia. Hinke hakuniambia kaa. Roelof alikuwa ameshika simu ya mkewe kwa mikono miwili.

"Hii inayosema nimepima," akasema. "Iondoe."

Nikamwambia nimekwisha kuiondoa tangu asubuhi.

Akanigeuzia simu. Ilikuwepo.

Aliomba chaki na ubao. Ilimchukua muda mrefu, na Hinke alimshikia kiwiko. Aliandika 0, na chini yake R. Hinke aliutoa nje mwenyewe, kwenye mvua, akautundika getini mbele ya watu wote. Chaki ilianza kuteremka palepale. Watu wakausoma, wakaingia magarini, wakaondoka bila kupiga honi. Ningependa wangepiga honi.

Alhamisi, 16 Januari

Roelof amefariki jana, saa tisa alasiri. Hinke alikuwa jikoni akikata mkate.

Nilikwenda leo. Nilipewa kahawa. Kopo la biskuti halikufunguliwa kabisa. Nikamwambia shemeji, nisamehe. Akasema, miaka arobaini na moja, Lammert, hakuna mtoto aliyelowa soksi kwa sababu yake. Juzi Trijntje amemuuliza dukani kama ugonjwa ulikuwa umempanda kichwani, ndiyo maana akasema tatu. "Hilo ndilo watakalolikumbuka," akasema. Kisha akaomba kitu kimoja: tangazo la msiba lisiwekwe kwenye tovuti. Liwekwe gazetini, ambako likikosewa, kesho yake wanafungia samaki.

Nikamwahidi kwamba jina la Roelof halitatoka tena mikononi mwangu. Nilisema kwa moyo wote.

Jioni theluji kidogo. Upepo umegeukia mashariki. Goti linauma.

Jumatatu, 20 Januari

Nyuzi tisa chini ya sifuri tangu Ijumaa. Wachimba kaburi wametumia mashine ya kuvunjia lami. Roelof angefurahi kujua.

Saa moja asubuhi, kabla ya mazishi, nilikwenda uwanjani na keekee yake. Nimetoboa mahali sita. Sentimita tatu na nusu. Ngumu, nyeusi, bila povu. Nilipiga magoti juu yake nikapima upya, nikapima tena. Barafu ya kwanza nchini, kwa mara ya kwanza tangu 1911, na dirisha lina pazia.

Nikampigia mtu wa chama cha mbio. Aliuliza nani amepima. Nikasema mimi. Akasema kwenu tumekwisha kuja, mzee. Nikamwomba aje na rula yake mwenyewe. Akasema Zuidhaar wana tatu kamili, na Zuidhaar wakisema tatu huwa ni tatu.

Nikatuma kiungo kwenye kundi la kijiji, nikaandika kwamba safari hii ipo. Ghala likatoa kadi ya zamani, anga ya buluu na kila kitu. Sentimita 3, imepimwa na Roelof. Jumatatu, saa kumi na moja. Leo ni Jumatatu. Mtu mmoja akajibu: "Roelof yumo kwenye jeneza, mzee. Tuheshimiane." Wengine hawakujibu.

Tulimzika saa tano. Kanisa halikujaa. Baadaye kahawa na kipande cha keki ya kawaida. Egbert alikuja, na mbio zake ni leo jioni. Alikaa karibu yangu, hakunitania, na hilo lilinitisha. Alisema alipita uwanjani kwetu, akashuka kwenye baiskeli, akakanyaga. "Yenu ni nzuri kuliko yetu," akasema. "Najua. Lakini nikisema mimi, watadhani umeninunua." Akanishauri nifungue ukurasa mpya, anwani mpya, kadi mpya, niandike kilichopo tu: tatu na nusu, hakuna mbio, njooni mteleze. Niweke jina langu mwenyewe chini. Wataanza kuja mmoja mmoja, akasema. Labda mwakani, labda miaka mitano. Hivyo ndivyo Roelof alivyoipata ile R yake.

Ni neno la busara. Aaltje naye alilisema, kwa ufupi zaidi, na kwa mkono kiunoni.

Jioni nilisimama uwanjani peke yangu. Taa zote nimewasha. Kutoka Zuidhaar upepo ulileta sauti ya kipaza sauti, maneno hayasikiki, mngurumo tu. Barafu yetu haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ubao uko getini bado. Mvua ya siku ile iliacha alama hafifu, duara, na kitu ambacho ukikijua utasema ni R.

Jumanne, 21 Januari

Nimeamka na akili safi. Nimefuata ushauri wa Egbert. Ukurasa mpya, anwani mpya, ghala haliujui. Nimeandika jina langu chini, kama alivyosema. Nimeutazama. Lammert. Nani atamwachia mwanawe mkono kwa ajili ya Lammert?

Kaburini Roelof hatapungukiwa kitu. Na keekee ni yake. Kwa hiyo, ukitazama vizuri, ni yeye aliyepima, mimi nilishika tu. Tena leo ni baridi kuliko jana, mpaka mchana itakuwa imefika nne.

Jina la ukurasa: "Safari hii ni kweli: sentimita 4, imepimwa na Roelof".

Herufi hamsini na mbili. Hazikatiki. Nimetuma.